Sufuria la Kambini Si Sufuria la Nyumbani

Masika yamekwisha, mahindi yameingia ghalani na baridi ya kipupwe imeanza kuuma. Kuanzia Juni hadi Agosti ni miezi ya watu kukutana. Shule zinafungwa, watoto wa Utoto Mtakatifu wanaandaliwa kwenda kambini, vijana wana makongamano yao, na zile harusi zilizokuwa zikingoja mavuno sasa zimepangiwa tarehe. Tarehe 3 Juni mahujaji wanakuwa Namugongo, tarehe 7 Julai ni Saba Saba, na tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Kila mahali pa namna hiyo utakuta kitu kimoja: mafiga matatu chini ya mti, sufuria jeusi kubwa, na akina mama waliojifunga khanga viunoni wakikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia.

Mtu asidhani kwamba ukurasa huu wa afya umekuja kuwaharibia watu furaha. Chakula cha nje kina utamu wake. Kiazi kitamu kilichofukiwa kwenye majivu, mahindi mabichi ya kuchoma, makande yaliyoanza kutokota alfajiri na kuliwa saa 7 mchana, hivyo hata mtoto anayejulikana nyumbani kwa kuchagua chakula huvila na kuomba aongezewe. Nimewaona watoto wa mjini ambao hawakuwahi kutwanga wala kupepeta wakijifunza kazi hizo kambini kwa siku 3 tu, tena kwa kucheka. Hilo nalo ni sehemu ya afya.

Lakini nina deni moja ambalo yafaa nilieleze.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa muuguzi katika zahanati moja, niliombwa kufuatana na watoto 120 katika kambi ya siku 4. Kazi yangu ilikuwa sanduku la huduma ya kwanza na kusaidia ratiba ya jikoni. Mpishi mkuu alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye hakuna harusi wala msiba pale kijijini ulipita bila yeye kusimama penye moto. Jumamosi tulikaa kupanga chakula cha Jumapili. Mimi nikasema pilau ipikwe Jumamosi hiyo hiyo jioni, ifunikwe vizuri, kisha Jumapili ipashwe moto, ili akina mama nao wapate kusali Misa kwa utulivu. Mama yule akanitazama.

"Mwanangu, wali wa watu wengi ni wa kupikwa na kuliwa," alisema.

"Tutaupasha moto sana, mama, usiwe na wasiwasi," nikamjibu.

Yeye alikuwa na miaka mingi ya mapishi, mimi nilikuwa na cheti. Akanyamaza, akapika. Pilau ikaiva saa 11 jioni. Tukafunika masufuria mawili makubwa kwa vifuniko, tukaweka mawe juu kwa ajili ya paka, tukafunga mlango wa stoo. Kesho yake yakarudishwa motoni, yakafuka mvuke, na saa 7 mchana watoto wakala. Mimi pia nilikula, nikasifu.

Kabla ya saa 10 alasiri mtoto wa kwanza alitapika. Kufika saa 12 jioni walikuwa zaidi ya 40. Wengi walitapika mara 3 au 4 wakapumzika, lakini binti mmoja wa miaka 9 alilegea hata akawa hawezi kushika kikombe. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa maji, na baada ya siku 2 akarudi kwao mzima. Hakuna aliyekufa.

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Juma lile lile watu walianza kunong'ona kuwa chakula kilitiwa sumu. Wengine walitaja mambo mabaya kuliko sumu, na nyote mnajua maneno gani huelekezwa kwa mwanamke mzee mjane linapotokea jambo lisiloeleweka. Harusi iliyofuata hakuitwa. Mama wa yule binti alipishana naye njiani bila kumwamkia. Nami niliyetoa wazo lile nilikaa karibu mwezi mzima bila kusema lolote hadharani, kwa kuwa niliona aibu.

Basi ngoja nieleze kilichotokea ndani ya masufuria yale, maana hapakuwa na mkono wa mtu.

Kilicholala ndani ya mchele

Vijidudu vingi vinavyodhuru chakula hufa katika kuchemka. Ndiyo sababu tumezoea kuamini kwamba moto ni mwisho wa uchafu wote. Lakini viko vichache vinavyoweza kujifunga ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu kavu, na katika hali hiyo huvumilia hata maji yanayotokota. Kimoja huitwa Bacillus cereus. Makazi yake ni udongo, na kutoka shambani hufika ghalani pamoja na mpunga. Wali ukiiva, mbegu zake hubaki humo zimelala. Ukila wali huo ungali moto hazina la kukufanya.

Shida huanza wali unapopoa na kuwa vuguvugu. Hapo mbegu huchipua, vijidudu huzaana kwa kasi, na katika kuzaana huko hutoa sumu ndani ya wali. Sasa sikiliza jambo ambalo mimi na cheti changu nililisahau siku ile: sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Ukiupasha wali moto utaua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuiacha itabaki vile vile. Wali utafuka, utanukia, hautakuwa na uchachu, na aliyeula atatapika kati ya nusu saa na saa 6 baadaye.

Utaniuliza: mbona nyumbani tunakula kiporo kila siku na chai, na hatutapiki? Jibu liko katika ukubwa wa sufuria. Kiporo cha nyumbani ni sahani 2 za wali kwenye bakuli, na katika baridi ya Lushoto au Njombe hupoa upesi kabisa. Mimi siwashauri kukizoea hata hicho, hasa katika joto la pwani. Ila sufuria lenye kilo 20 za mchele ni jambo jingine. Juu utaona limepoa, pembeni limepoa, lakini ukizamisha mwiko katikati alfajiri utakuta bado pana uvuguvugu. Yaani kwa usiku mzima katikati ya sufuria palikuwa na joto lile lile ambalo vijidudu hulipenda. Kifuniko na mawe juu yake vilikuwa blanketi tu.

Mchuzi wa nyama nao una adui wa namna hiyo, aitwaye Clostridium perfringens. Hupenda supu nzito na nyama nyingi iliyopoa polepole mahali pasipo hewa, yaani chini kabisa ya sufuria kubwa. Huyu husokota tumbo na kuharisha kati ya saa 6 na 24 baada ya kula. Kwa kawaida watu wamekwisha kurudi makwao, na kila mmoja hulaumu kile alichokula nyumbani. Na wa tatu, Staphylococcus, hakai udongoni bali kwetu sisi wenyewe, puani na kwenye ngozi, na zaidi sana kwenye majipu na vidonda. Mpishi mwenye jipu mkononi au kidonda kidoleni asikate nyama wala asichanganye kachumbari. Apewe kazi ya kuni. Sumu ya kijidudu hiki pia haiondoki kwa kupasha moto.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya muda wa saa 2 bila kuwa cha moto au cha baridi kabisa. Cha moto maana yake joto la zaidi ya nyuzi 60, na cha baridi ni chini ya nyuzi 5. Kambini hatuna jokofu wala kipimajoto, kwa hiyo mimi hulitafsiri hivi: chakula kiwe cha moto kiasi cha kuunguza ulimi mpaka dakika ya kupakuliwa, na kilichobaki kisilale.

Mgeni rasmi akichelewa

Hapa ndipo sherehe zetu nyingi zinapojikwaa. Ratiba huandikwa chakula saa 7 mchana. Wapishi, kwa kuogopa kuaibika, wanamaliza saa 5. Mgeni rasmi anafika saa 8, kuna risala, kuna zawadi, kuna kwaya 3 na kila moja ina nyimbo mbili, kisha hotuba. Watu wanapakuliwa saa 10. Chakula kimekaa saa 5 kwenye mabeseni ya plastiki chini ya turubai lenye jua, kimefunikwa kwa nailoni. Hilo ni sawa na kukiatamiza.

Kwa maoni yangu kamati za sherehe zimwonee huruma mpishi. Asipewe saa ya kupakua iliyoandikwa kwenye karatasi, bali atumwe mtoto wa kumwambia, "Mgeni amefika." Wali uanze kupikwa hapo. Mchuzi na maharage viachwe motoni vikitokota kidogo kidogo, kuni zikiwa zimepunguzwa, na wali ulioiva upaliwe makaa juu na chini. Pakueni kutoka sufuria, si kutoka beseni. Na watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wapewe chakula chao kwanza, hotuba zikiwa zinaendelea. Sijaona bado mgeni aliyechukia kwa sababu ya watoto kula.

Ni afadhali pia masufuria 4 ya wastani kuliko 2 ya kutisha. La wastani huiva sawasawa hadi katikati, hukorogwa na mtu mmoja, na hubebwa bila kumwagika. Kuhusu kipimo, kilo 1 ya mchele huwatosha watoto 7 au 8 kama kuna mboga ya kutosha. Kwa vijana waliocheza mpira hesabu 5. Pimeni kwa idadi ya vichwa vya siku hiyo, si kwa woga. Wapishi wengi huongeza kilo 10 "za tahadhari", na tahadhari hiyo ndiyo hugeuka kiporo.

Yako matukio ambapo kubakiza hakuepukiki. Basi gawa chakula kile kile saa ile ile kingali moto, watu wabebe na wale jioni hiyo. Au kitandaze kwenye masinia, unene usiozidi vidole viwili, kipoe upesi, na kiwekwe jokofuni kama lipo. Kama halipo, kuna nguruwe na mbwa wa jirani.

Mahindi na maharage ya michango

Kambi nyingi huendeshwa kwa michango ya jumuiya: debe la mahindi hapa, kilo 5 za maharage pale, fungu la dagaa. Ni utaratibu mzuri. Lakini tuseme kweli: mtu akiambiwa alete debe, mara nyingine mkono wake huenda kwenye gunia lile la pembeni lililonyeshewa. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kuchemsha, wala kwa kusaga, wala kwa kuchanganya na mahindi mazuri. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuka. Kwa hiyo, michango ikifika, imwagwe kwenye mkeka juani, na akina mama na vijana waketi kuchambua. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kutobolewa na wadudu zitolewe na kutupwa, wasipewe kuku wala zisipelekwe kwenye pombe. Kukoboa kabla ya kusaga hupunguza sumu kiasi. Anayepokea michango asione haya kurudisha gunia bovu kwa mwenyewe.

Maharage mekundu nayo yana jambo ambalo wengi hawalijui. Yakiwa mabichi au yakiwa nusu kuiva yana sumu ya asili. Kikombe kidogo tu cha maharage yasiyoiva kinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa 1 hadi 3. Nyumbani tunayapika muda mrefu kwenye moto mkali, hivyo hatulioni tatizo. Kambini kuni zikiwa mbichi, upepo ukapeperusha moto, na watoto wakawa wanalia njaa, maharage yanapakuliwa yakiwa bado yanagongana na meno. Moto hafifu usiofikisha mchemko ni hatari zaidi, kwani unaweza kuiongeza sumu hiyo badala ya kuiondoa. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu, yakitokota hasa, kwa dakika 30 kabla hujapunguza moto. Anayetumia kikapu cha kuivishia chakula ili kuokoa kuni afanye mchemko huo kwanza, ndipo aweke sufuria kikapuni. Baada ya hapo maharage ni chakula bora cha kambi kupita nyama: hayaozi, hayana nzi, na yanashibisha.

Nyama, kama ipo, mnyama achinjwe asubuhi hiyo, akaguliwe na Bwana Afya au mtaalamu wa mifugo, na aliwe siku hiyo. Mnyama aliyejifia asiingie jikoni hata akitolewa bure. Kimeta bado kipo.

Moto

Kuhusu moto wenyewe nitasema machache, isipokuwa jambo la mkaa, ambalo sitalipita haraka.

Mafiga yawekwe mbali na nyasi kavu, na ardhi inayoyazunguka ifagiliwe hadi udongo uonekane, maana kipupwe ni msimu wa mioto ya nyika. Jiko liwe upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, nje kuna nafuu, lakini mama anayeinama juu ya kuni mbichi kwa saa 6 anauvuta pia. Kuni ziwe kavu na wapishi wapokezane. Sufuria kubwa lisibebwe kwa mikono na matambara. Tumieni mti imara uliopitishwa kwenye masikio yake, watu wawili, na mtu wa tatu wa kuondoa watoto njiani. Chora duara kwa majivu kuzunguka jiko na waambie watoto kuwa hapo ni mpaka. Kwa jinsi wanavyopenda michezo wataulinda wenyewe, na kumshtaki yeyote anayeuvuka.

Akiungua mtu, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni ndefu, kwa hiyo tazama saa. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya taa na majivu visikaribie kidonda hicho. Kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ni usoni, mikononi au sehemu za siri, apelekwe hospitali.

Sasa mkaa. Usiku wa Julai huko Makete, Mbeya au chini ya Mlima Kilimanjaro baridi inaingia mifupani. Watoto wamelala darasani au kwenye hema, mlezi mwenye huruma anaingiza jiko la mkaa ili wapate joto, anafunga mlango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa ulioshika vizuri usio na moshi unaitoa vile vile. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala, na haamki. Familia nzima zimekwisha kufa hivyo bila hata mmoja kupiga kelele. Jiko la mkaa lisiingie mahali pa kulala kwa kisingizio chochote, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Watoto wapewe uji wa moto kabla ya kulala, walale wawili wawili kwenye mkeka wenye majani makavu chini yake, wavae soksi na kofia. Ukikuta watu kadhaa katika chumba kimoja wanalalamika kichwa kwa pamoja, watoe nje wote kwanza, ndipo uulize maswali, na uwapeleke hospitali hata wakijisikia nafuu.

Maji, mikono na choo

Hayo mmeyasikia mara nyingi, basi nitoe vipimo tu. Maji ya kunywa yafikie mchemko wa nguvu kwa dakika 1. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000 yaachwe dakika 3. Kisha yawekwe kwenye ndoo yenye bomba na mfuniko, si ndoo ambayo kila mtoto anazamisha kikombe na vidole. Vyoo viwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na tundu 1 lisihudumie zaidi ya watu 20. Pembeni ya kila choo, na pembeni ya jiko, tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo karibu na shingo, limening'inizwa kwenye mti wa kulala, na kamba inayoshuka hadi kijiti cha kukanyaga. Sabuni ifungwe kwenye kipande cha wavu karibu nalo. Mtoto hukanyaga, dumu huinama, maji hutoka, na hakuna anayeshika kitu kwa mkono mchafu. Vijana 2 wanaweza kutengeneza 6 kabla ya chakula cha mchana.

Kwa wanaokwenda Saba Saba au Nane Nane na watoto, kanuni ni rahisi. Kula kile kinachotoka motoni mbele ya macho yako, na tunda unalolimenya mwenyewe. Mshikaki uliogeuzwa mbele yako ni bora kuliko ule uliopangwa kwenye sinia tangu asubuhi. Kachumbari, juisi ya miwa na vipande vya tikiti vilivyokatwa kabla, hasa vyenye barafu isiyojulikana ilikotoka, viacheni. Barafu ni maji, na kuganda hakukuyasafisha.

Akiumwa mtoto

Mtoto akitapika au kuharisha, mpe dawa ya chumvichumvi ya pakiti. Ikikosekana, chukua maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, na akitapika subiri dakika 10 kisha anza tena polepole. Anyeshaye aendelee kunyonyesha. Vidonge vya zinki kwa mwenye kuharisha utavipata zahanati. Usingoje ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, hapati mkojo, kinyesi kina damu, au anashindwa kunywa. Na kama kuharisha kumekuwa kama maji ya kuoshea mchele, hiyo yaweza kuwa kipindupindu. Mpeleke mbio huku ukiendelea kumnywesha njiani, na utoe taarifa siku hiyo hiyo. Sampuli ya chakula iachwe kwenye chombo safi chenye mfuniko ili wataalamu waipime. Ingekuwapo sampuli siku ile yetu, maneno mengi yasingesemwa.

Nirudi kwa yule mama. Baada ya mwezi ule niliomba nafasi ya matangazo, nikasimama mbele ya watu na kueleza habari za wali, vuguvugu na sumu isiyokufa kwa moto, na kwamba mpango ulikuwa wangu na yeye alinikataza. Nilitetemeka. Baada ya Misa mama wa yule binti alikwenda moja kwa moja alipokuwa amesimama, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi ya pale, akamwamkia. Sikusikia walichosema.

Mwaka uliofuata aliombwa tena apike kambini. Alikubali kwa masharti: masufuria 6 ya wastani, kuni kavu zilizokatwa mwezi mmoja kabla, na muuguzi asipange saa za mapishi. Jumapili aliamka saa 10 usiku, akasali Misa ya kwanza ya saa 12 asubuhi huku msaidizi wake akilinda maharage, na wali akaubandika saa 5. Saa 7 ulipakuliwa ukiunguza ulimi. Ukoko wa masufuria yote 6 uligombaniwa na watoto, na kabla ya saa 8 mchana yalikuwa yamekwisha kuoshwa na kuinamishwa juani.